Mwongozo kamili: kuandaa onyesho la bure la filamu fupi za mlimani kwenye uwanja wa kijiji

Huku Marangu kuna wapagazi waliopanda Kilimanjaro miaka na miaka, lakini watoto wao hawajawahi kuona baba anafanya kazi gani huko juu. Filamu fupi za milima na safari hutengenezwa kila mwaka, nyingine kwenye mlima huu huu, kisha zinaonyeshwa Kanada, Italia na Uingereza. Ndiyo maana tulianza kuzionyesha wenyewe, usiku, uwanjani, bila kiingilio.

Tangu hapo vikundi kadhaa vya vijana vimejaribu kwao na kukwama palepale. Picha inapauka, sauti haifiki nyuma, jenereta inazima filamu ikiwa katikati, au nusu ya watu wanaondoka kwa sababu hawaelewi kinachosemwa. Mwongozo huu umepangwa kwa vitu hivyo vinavyoharibika. Umepimwa kwa watu wasiozidi 150, kitambaa cha upana wa mita 3 na vifaa vya kukodi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatangaza tarehe

- Projekta yenye lumeni (kipimo cha mwanga inaoutoa) 3,000 au zaidi, na kwenye boksi lake pameandikwa ANSI au ISO. Projekta ndogo za bei rahisi huandikwa namba kubwa sana ambazo si za vipimo hivyo, na uwanjani zinatoa kivuli tu.
- Kitambaa cheupe, mita 3 kwa mita 1.7. Kitambaa cha pamba cha marekani, kile kizito, kinafaa. Ukuta wa shule uliopakwa rangi ya maji nyeupe ni bora zaidi. Rangi ya mafuta inang'aa, nayo hufanya doa la mwanga katikati ya picha.
- Spika mbili zenye umeme wake, stendi zake, miksa ndogo na maiki moja ya waya.
- Kompyuta moja na flashi mbili zenye filamu zilezile.
- Jenereta ya kVA 2 na stebilaiza, hata kama uwanja una umeme wa gridi.
- Waya wa umeme wa mita 50, wenye unene wa milimita za mraba 2.5.
- Waya wa HDMI usiozidi mita 10, na waya wa sauti wa kutoka kwenye kompyuta hadi miksa.
- Kamba, vigingi vya kuchimbia, nguzo mbili za mti za mita 3.5, tepu, tochi tatu, turubai la kufunika vifaa.
- Mikeka kwa ajili ya watoto, mabenchi ya kanisa au ya shule kwa wazee.
- Ndoo ya mchanga karibu na jenereta.

Projekta usinunue kwanza. Kodi mara tatu, ujue unachohitaji.

## Hatua ya 1: Chagua usiku

Wengi huchagua siku kwa kuangalia ratiba zao wenyewe. Angalia vitu vinne: mvua, mpira, ibada na mwezi.

Mvua: masika ni Machi hadi Mei, vuli huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Desemba. Januari, Februari na kuanzia Julai hadi Septemba ndiyo miezi yangu. Julai huku juu kuna baridi na ukungu, na ukungu ukishuka uwanjani mwanga wa projekta unaishia hewani kama ukuta mweupe. Hakuna ufundi unaousaidia. Unasubiri upite au unaahirisha.

Mpira: siku ya Simba na Yanga hutapata mtu. Angalia pia mechi za Ulaya za Jumamosi jioni.

Ibada: Jumamosi jioni kwaya nyingi zina mazoezi, kwa hiyo zungumza na walimu wa kwaya mapema. Kwa walio pwani, anzeni baada ya sala ya Isha, na mwezi wa Ramadhani msubiri upite.

Mwezi: chagua usiku wa mbalamwezi. Watu wanadhani mwezi utaharibu picha, ndiyo sababu wanachagua usiku wa giza totoro, halafu akina mama hawaji kwa kuogopa njia ya kurudi. Mwezi mpevu hutoa mwanga usiofika hata luksi moja (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), wakati picha yako ina luksi mamia. Hauharibu kitu, na unawafikisha watu nyumbani. Kinachoharibu picha ni taa ya ulinzi ya duka lililo ng'ambo ya barabara.

Ukifanikiwa: una tarehe moja na tarehe moja ya akiba wiki inayofuata, na zote zitatangazwa pamoja.

## Hatua ya 2: Pata ruhusa mbili

Ruhusa ya kwanza ni ya mwenye filamu. Filamu kuwa bure YouTube hakumaanishi umeruhusiwa kuwaonyesha watu 150 uwanjani. Kuangalia nyumbani ni jambo moja, kuonyesha hadharani ni jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inayatenganisha. Kutotoza kiingilio hakubadilishi hilo.

Habari njema ni kwamba watengenezaji wa filamu fupi ni watu wanaofikika. Anwani zao huwa mwishoni mwa filamu au kwenye kurasa zao. Andika barua fupi yenye mambo haya: wewe ni nani, mtaonyesha wapi na tarehe gani, watu wangapi, kwamba hakuna kiingilio wala tangazo la biashara, kwamba mtatafsiri kwa Kiswahili papo hapo, na kwamba unaomba faili la kupakua. Eleza pia watazamaji ni akina nani. Ukimwambia mtu kwamba filamu yake ya mlimani itaonwa na familia za wapagazi wa Kilimanjaro, anajibu. Ukimwandikia "tunaomba filamu zako" tu, hajibu. Peleka barua mara tatu ya idadi ya filamu unazohitaji, wiki sita kabla.

Kwa majina ya filamu za kuomba, pitia orodha za matamasha ya filamu za milima: Banff kule Kanada, Trento kule Italia, Kendal kule Uingereza. Kuna filamu za dakika 4 na za dakika 20. Lakini filamu ikiwa kwenye ziara rasmi ya tamasha, mara nyingi haki za kuionyesha ziko kwa tamasha; mtengenezaji atakuambia.

Ruhusa ya pili ni ya serikali. Tanzania Bara, maonyesho ya filamu yako chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 na Bodi ya Filamu. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako ukiwa na orodha ya filamu, dakika zake na maelezo ya sentensi mbili kwa kila moja. Zanzibar ina chombo chake. Kenya ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, chini ya Sura ya 222 ya Sheria za Kenya. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na kituo cha polisi kuwajulisha kuhusu mkusanyiko wa usiku. Nenda mwenyewe, na nenda na karatasi.

Onyo: usitangaze kabla ya karatasi ya halmashauri kutoka. Nimewahi kusimamishwa saa 12 jioni watu wakiwa wameshakaa, kwa sababu nilitegemea neno la mdomo.

Ukifanikiwa: una bahasha moja yenye majibu ya watengenezaji yaliyochapishwa na barua ya kibali. Bahasha hiyo inakaa mezani pa projekta usiku wote.

## Hatua ya 3: Panga filamu

Dakika 75 hadi 90 kwa jumla, filamu sita au saba. Zaidi ya hapo watoto wamelala na wazee wanapata baridi.

Filamu ya kwanza iwe fupi, yenye mwendo mwingi na maneno machache, kwa sababu watu bado wanafika na kutafuta mahali pa kukaa. Filamu nzito iweke ya tatu. Ya mwisho iwe ya furaha.

Tazama kila filamu mwanzo hadi mwisho kabla ya kuipanga, peke yako, bila kurukisha. Filamu hizi zina matusi, zina watu wanaoga mtoni bila nguo, na zina vifo. Matusi ya Kiingereza hayapiti bila kueleweka siku hizi. Kwa vifo, tahadhari ni kubwa zaidi huku kwetu, kwani ziko nyumba zilizopoteza mtu mlimani. Kama filamu ina kifo na bado unaona inafaa, wafuate waliofiwa nyumbani, uwaambie, na uwape nafasi ya kukataa. Tukikataliwa tunaiondoa, hatubishani.

Filamu za watu wanaopanda miamba bila kamba, au wanaoruka maporomoko kwa mtumbwi, ninaziacha kabisa kama kuna watoto. Maporomoko ya Kinukamori yako hapa hapa, na watoto huiga wanachokiona. Mwenzangu mmoja anasema maelezo kabla ya filamu yanatosha. Mimi sikubali: mtoto wa miaka tisa hakumbuki maelezo, anakumbuka kuruka.

Ongeza kitu kimoja cha hapa. Dakika tatu tu, zilizopigwa kwa simu ikiwa imelazwa: mpagazi anafunga mzigo wake saa 10 alfajiri, mke anachemsha chai, mtoto anashika tochi. Ipige nyumbani, nje ya lango, kwa sababu kupiga filamu ndani ya hifadhi kunahitaji kibali chake. Omba idhini ya kila anayeonekana. Watu wakiona sura wanayoijua kwenye kitambaa hicho kikubwa, uwanja mzima unabadilika, na filamu zinazofuata wanazitazama kwa jicho jingine.

## Hatua ya 4: Andaa mtafsiri

Hapa ndipo maonyesho mengi hufa, na ndipo vikundi vinatumia muda mdogo kuliko kote.

Sisi tuna utamaduni wa kusimuliwa filamu. Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video, wanamkumbuka msimulizi Lufufu, na Kenya wana DJ Afro. Ni ufundi wa kweli na ninauheshimu. Lakini mtindo ule ulizaliwa kwenye filamu za mapigano, ambako kila sekunde kuna kelele. Filamu ya mlimani ina ukimya mwingi, na ukimya huo ndio filamu yenyewe: pumzi inayokatika, buti linalozama kwenye theluji, upepo kwenye hema. Mtafsiri akijaza nafasi zote hizo kwa maneno, watu wameona picha za mawe tu.

Kwa hiyo mchague mtu aliyewahi kuwa juu. Mwongozaji wa wapanda mlima au mpagazi mzoefu ni bora kuliko mwalimu wa Kiingereza, kwa sababu anajua kinachotokea mwilini mwa mtu pale. Mtu kwenye filamu akisema sentensi ndefu kuhusu kukosa hewa, mwongozaji atasema: "Kichwa kinamuuma na hawezi kula. Ni ugonjwa wa mwinuko." Imekwisha, na kila mtu ameelewa.

Mpe filamu siku kumi kabla. Kazi yake ni hii:

1. Anaitazama mara ya kwanza bila kuandika chochote.
2. Mara ya pili anaandika dakika na sekunde ambapo lazima aseme kitu, na maneno yenyewe. Asizidishe sentensi mbili kwa kila mahali.
3. Mara ya tatu anasoma kwa sauti filamu ikiendelea, wewe ukiwa umekaa pembeni. Kila neno ambalo picha tayari imelisema, linafutwa.

Mkubaliane istilahi mapema. Theluji na barafu si kitu kimoja, na kwenye filamu za milima tofauti yake ni uhai: theluji laini huporomoka, barafu huteleza. Vyuma vya kufunga chini ya buti viiteni meno ya chuma. Usimwachie mtafsiri atafute neno akiwa na maiki mkononi.

Kama filamu ina mazungumzo mengi mfululizo, simamisha. Mtafsiri anaeleza kwa nusu dakika taa zikiwa zimezimwa vilevile, kisha filamu inaendelea. Watu hawachukii kusimamishwa. Wanachukia kutoelewa.

Ukifanikiwa: kwenye mazoezi, mtu asiyejua Kiingereza kabisa anaweza kukusimulia filamu ilihusu nini. Mwite bibi yako, ndiye kipimo kizuri.

## Hatua ya 5: Andaa mafaili

Usicheze filamu kwa intaneti uwanjani. Kamwe. Pakua kila filamu kwa ubora wa 1080p, faili la MP4 la aina ya H.264. Faili za H.265 ni ndogo, lakini kompyuta za zamani hukwamakwama zinapozicheza.

Yape mafaili namba kwa mpangilio wa kuonyesha: 01, 02, 03. Tumia programu ya VLC. Zima ujumbe wa simu na kompyuta, zima kulala kwa skrini, zima masasisho. Flashi mbili ziwe na nakala. Flashi ikiwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32 haitapokea faili linalozidi gigabaiti 4. Ipange upya kwa exFAT, kisha hakiki kwamba kompyuta ya akiba inaisoma.

## Hatua ya 6: Panga uwanja na kitambaa

Kwanza ukubwa. Kila mtu anataka kitambaa kikubwa, na hapa ndipo picha inapopauka. Lumeni za projekta zinagawanywa kwa mita za mraba za kitambaa. Projekta ya lumeni 3,000 kwenye mita 3 kwa 1.7 inatoa luksi 590 hivi. Ukikipanua kitambaa kuwa mita 6 kwa 3.4, umeongeza upana mara mbili lakini mwanga umeshuka hadi robo, luksi 147 hivi. Bakia kwenye mita 3. Watu wakizidi, sogeza mabenchi karibu, usikuze picha.

Elekeza kitambaa ili watazamaji waipe mgongo barabara, taa za bodaboda zisiwapige machoni, na upepo wa jioni usikipige kitambaa kifuani. Ukingo wa chini uwe mita 1.3 kutoka ardhini. Chini ya hapo vichwa vya mbele vinakula maandishi.

Shona upindo juu na chini, upitishe mti au bomba, ufunge pembe zote nne na katikati ya kila upande. Watu hupasua matundu kwenye kitambaa ili upepo upite. Matundu hayo hayasaidii na yanabaki kwenye nyuso za watu wote utakaowaonyesha maisha yako yote. Funga nguzo kwa kamba mbili kila moja, mbele na nyuma. Kitambaa cha mita 3 kwenye upepo ni tanga la jahazi, nacho kinaweza kuangusha nguzo juu ya watoto.

Sasa projekta. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, yaani mita 4.5 hivi. Maana yake inakaa katikati ya watu. Iweke kwenye meza imara, izungushie kamba, na uwaweke watoto kwenye mikeka kati ya meza na kitambaa, chini ya mwanga, wa kwanza akiwa mita 3 kutoka kwenye kitambaa. Wazee kwenye mabenchi nyuma ya meza, wanaosimama mwisho kabisa, wasizidi mita 18. Acha njia pande zote mbili, ili anayekwenda chooni asipite mbele ya mwanga.

Kuna njia nyingine ambayo mimi sasa naipendelea: projekta nyuma ya kitambaa. Ukitumia marekani nyepesi na kugeuza picha kwenye mipangilio ya projekta, hakuna nyaya katikati ya watu na hakuna kichwa kinachokata mwanga. Unapoteza mwanga kidogo, na unahitaji mita tano tupu nyuma. Kwa uwanja wenye watoto wengi, inafaa.

Picha ikiwa na umbo la kinyago, upana juu na wembamba chini, sogeza au inua projekta yenyewe. Kitufe cha kunyoosha kinapunguza ubora, kiwe cha mwisho.

## Hatua ya 7: Umeme

Jumlisha wati kabla ya kukodi jenereta. Projekta ya taa wati 300, spika mbili 400, kompyuta 65, miksa na balbu ya mezani 50. Ni wati 815. Jenereta ya kVA 2 inatoa wati 1,600 hivi, kwa hiyo inafanya kazi bila kuhema.

Iweke mita 40 kutoka kwa watu, nyuma ya jengo au kichaka cha migomba, upande ambako upepo unapeleka moshi mbali. Usiiweke ndani ya darasa wala stoo hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu gesi yake haina harufu na inaua. Kunjua waya wote. Waya uliobaki umeviringishwa hupata moto hadi kuyeyuka. Kwenye njia za watu ufukie au uutundike juu.

Projekta na spika zipate umeme kutoka kwenye ekstensheni moja. Zikitoka sehemu mbili tofauti, utasikia mvumo usiokwisha.

Onyo la gharama kubwa: projekta ya taa ikikatiwa umeme ghafla ikiwa na moto, taa inaweza kufa papo hapo. Jaza tangi kabla ya kuanza, wala usiongeze mafuta jenereta ikiwa inaunguruma. Mwisho wa onyesho zima projekta kwa kitufe chake, acha feni izunguke hadi isimame yenyewe, ndipo uzime jenereta. Mkabidhi mtu mmoja jenereta na asiwe na kazi nyingine.

## Hatua ya 8: Sauti

Kama una fedha za kukodi kifaa kimoja kizuri tu, kodi spika. Watu huvumilia picha hafifu kwa saa nzima, lakini wasiposikia huanza kuongea, na wakianza kuongea umewapoteza.

Spika zikae pande mbili za kitambaa, juu ya vichwa vya waliosimama, mita 2 au zaidi, zikiinamishwa kidogo kuelekea mabenchi ya nyuma. Zikikaa chini, miili ya mstari wa mbele inameza sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s, t na k, na wa nyuma wanasikia mngurumo tu. Kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Kuinua spika kunapunguza tofauti kati ya wa mbele na wa nyuma.

Spika za kukodi huja zikiwa zimepangwa kwa ajili ya muziki wa harusi. Punguza besi hadi karibu na sifuri na upandishe sauti za kati. Filamu za mlimani zina upepo, na upepo kwenye besi kubwa unafunika kila neno.

Tumia waya kutoka kwenye kompyuta hadi miksa. Bluetooth huchelewesha sauti, midomo ikatangulia na maneno yakafuata.

Mtu wa miksa anashusha filamu mtafsiri anapoongea na kuipandisha anaponyamaza. Ni kazi ya mkono mmoja kwenye kitasa kimoja, lakini afanye mazoezi pamoja na mtafsiri, wajuane pumzi.

## Hatua ya 9: Jaribu usiku mmoja kabla

Si mchana, si ndani ya nyumba. Uwanjani, saa 1:30 usiku, vifaa vyote, jenereta ikiunguruma. Cheza dakika mbili za kila filamu. Kisha nenda mstari wa mwisho, ukae chini, na ujiulize maswali matatu: nasoma maandishi? Nasikia mtafsiri? Kuna taa gani inanipiga jichoni?

Taa ya ulinzi ikikusumbua, usiirushie jiwe wala usikate waya. Nenda kwa mwenye nayo mchana, umwombe aizime kwa muda wa saa mbili, umpe benchi la mbele.

## Hatua ya 10: Usiku wenyewe

Huku Moshi na Marangu jua huzama kati ya saa 12:20 na 12:50 jioni kutegemea mwezi wa mwaka. Giza la kutosha linafika saa 1:15 usiku. Anayeanza saa 12:45 kwa sababu watu wameshafika anaonyesha picha isiyoonekana, na watu wanahukumu onyesho zima kwa dakika kumi hizo.

- Saa 9 alasiri: nguzo, kitambaa, nyaya.
- Saa 11: spika na maiki. Anayechoma mahindi mpangie upande ambako upepo unatoka uwanjani kwenda nje, kwani moshi ukiingia kwenye mwanga unaonekana kuliko filamu.
- Saa 12:30: watu wanaingia, muziki wa chini. Watoto mbele na watu wazima wawili wa kuwaangalia.
- Saa 1:10: karibisho la dakika tatu. Onyesha njia ya kutokea, choo, na nani wa kumwona mtoto akipotea. Hakuna hotuba. Kiongozi akitaka kuzungumza, mpe nafasi baada ya filamu ya pili; watu watamsikiliza vizuri zaidi.
- Saa 1:15: filamu ya kwanza.

Kati ya filamu acha dakika moja ya mwanga hafifu. Mtafsiri aseme jina la filamu ijayo, nchi iliyopigwa na jambo moja la kuangalia. Wakati wa kumbikumbi, tundika balbu moja mbali, nyuma ya jenereta, wadudu waende huko.

Filamu ikikwama, mtafsiri aendelee kuongea na uwanja wakati wewe unafungua flashi ya pili. Mpe mpagazi mmoja maiki ajibu maswali. Huwa yanakuja: mnalala wapi, mnakula nini, kwa nini mzigo haupaswi kuzidi kilo 20, na ukizidi mnafanyaje. Mara mbili nimeacha kompyuta ikiwa tayari kwa dakika tano zaidi kwa sababu mazungumzo hayo yalikuwa bora kuliko filamu niliyokuwa nataka kuirudisha.

## Kama unakuja kutazama tu

Fika saa 12:30. Njoo na mkeka au kigoda kifupi, koti au kanga ya pili, na tochi ya kurudia. Simu ikae mfukoni. Skrini moja kwenye mstari wa pili inawasumbua mistari mitano ya nyuma, na kurekodi filamu ya mtu kwa simu kunatunyima ruhusa ya kesho. Mtoto mdogo mlishe kabla ya kuja. Na kama hukuelewa sehemu, uliza kati ya filamu, kwa sauti. Uwanja wetu unaruhusu.

## Hatua ya 11: Baada ya onyesho

Usizime kila kitu kwa pamoja. Washa taa kwanza, watu waondoke kwa makundi ya vitongoji, kila kundi na tochi. Watu wawili wabaki hadi mtoto wa mwisho achukuliwe.

Projekta ipoe dakika tano kabla ya kuingia kwenye begi. Kitambaa kikiwa na umande kianike kesho yake. Kikikunjwa kibichi kinaota madoa meusi yasiyotoka.

Ndani ya wiki moja, waandikie waliotoa filamu. Waambie walikuja wangapi, swali moja lililoulizwa kuhusu filamu yao, na uwatumie picha ya uwanja iliyopigwa kutoka nyuma, nyuso za watoto zisionekane. Halafu, kama uliruhusiwa kuonyesha mara moja, futa faili hilo kwenye kompyuta na kwenye flashi zote mbili, na uwaambie umelifuta.